Risala ya Mrusi wa Stoo

Katika kiwanda kile cha juisi, mtunza stoo aliitwa Mrusi, na jina hilo hakulipata shuleni wala safarini. Alilipata kwenye bunda la mitumba. Alichomoa humo kofia ya manyoya yenye masikio, akaivaa kazini siku ambayo hata mijusi ilikimbilia kivulini. Alipoulizwa kaitoa wapi, akajibu kwa sauti ya mtu aliyeona mengi: "Huko nilikosomea." Uongo ukishamea haung'oki. Mwaka haujaisha, tayari alikuwa amesomea Urusi, ameteleza kwenye barafu hadi mji wa pili bila kupenda, na amegombea mchumba na jenerali. Kirusi chake chote kilikuwa neno moja, *da*, yaani ndiyo, nalo alilinyunyiza kama chumvi.

Jina lilimlipa. Wapakiaji walimwamkia wakiwa bado mbali, na mkurugenzi alimpa kiti chenye magurudumu, cha pekee upande wote wa stoo. Mzee alikizungusha pale kama sultani.

Kisha mashine ya kufunga vizibo ikanyamaza. Ilikuwa mashine ya Kirusi, hivyo wenye kiwanda wakaandika kwamba fundi anakuja kuikagua kutoka hukohuko ilikoundwa. Je, atafutwe mkalimani? Mkurugenzi akajibu kwa majivuno: mkalimani wa nini, na sisi tunaye Mrusi wetu?

Asubuhi ya ugeni, Mrusi akaitwa ofisini kwa karani.

"Mzee," mkurugenzi akasema, "mgeni anafika mchana. Nataka risala ya Kirusi, ichapwe, na wewe uisome mbele ya wafanyakazi wote."

"Da," Mrusi akajibu. "Ila tatizo, bosi, kibodi hiki hakina herufi zao. Ningekuwa na kile changu cha kule..."

"Hilo tu?" karani akadakia. Alikuwa mama wa makamo ambaye kompyuta ilimwogopa. "Nimeshakuwekea mpangilio wa kifonetiki, baba. Unabonyeza herufi zetu hizihizi, inatoka ya kwao yenye sauti ileile. Bonyeza D uone."

Akabonyeza. Kwenye skrini ikachomoza herufi kama kijibanda chenye miguu miwili.

"Haya, kazi kwako. Herufi hizo hapo, na maneno si unayo kichwani?"

Mkurugenzi akainama juu ya bega lake. "Na ukiniaibisha, mzee, kile kiti cha stoo kesho atakikalia mwingine."

Mrusi akaketi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kwa kukosa la kuandika, akabonyeza salamu aliyofundishwa na mama yake: karibu mgeni. Skrini ikamtolea maajabu: N iliyogeuzia watu mgongo, P mahali alipobonyeza R. Hata yeye mwenyewe aliogopa. Mkurugenzi akaguna kwa heshima.

"Kumbe kweli umesoma!"

Hapo Mrusi akang'amua kwamba kompyuta haiulizi mtu anaandika lugha gani. Mgongo ukamnyooka.

"Endelea," mkurugenzi akaamuru. "Andika kwamba mashine hii tumeitunza kama yai."

Sasa, mota ya mashine ile ilikuwa imetoka kupitia lango la stoo Jumapili moja, na lango alilifungua Mrusi mwenyewe. Mkurugenzi aliipakia garini, ikaenda kuzungusha kinu cha unga cha mkwewe. Mzee aliambiwa afunge mdomo, akaufunga. Vidole, lakini, havikuambiwa kitu. Vikaandika: mota ipo kwa mkwe wake, inasaga unga, mafundi wote wanajua, wanaogopa.

"Mbona imekuwa ndefu hivyo?"

"Kirusi, bosi. Kwao kutunza ni neno refu."

Karani akajishughulisha ghafla na karatasi za upande wa pili, mabega yakimtikisika.

Mpango wa Mrusi ulikuwa mwepesi: akisimama, akohoe, aseme sauti imemkauka, amkabidhi mgeni karatasi kwa heshima, nayo iishie mkobani. Na kweli mchana ule, mbele ya wafanyakazi wote, alikohoa vizuri sana. Lakini mgeni, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alidhani anaombwa kusoma. Akasimama wima na kusoma kwa sauti, akiipa kila herufi haki yake.

"Karibu mgeni. Mota ipo kva mkve vake. Inasaga unga. Mafundi vote vanayua..."

Kreti la chupa likaponyoka mikononi mwa mpakiaji.

"Mkwe wa nani?" mmoja akanong'ona.

"We naye! Kuna mkwe mwingine mwenye kinu?"

Mgeni, akiona minong'ono, akafikiri hawakumsikia. Akarudia tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.

Mkurugenzi akaloa jasho. Akisema kile ni Kiswahili, itabidi aeleze mota iko wapi. Akachagua njia iliyobaki.

"Makofi!" akapaza sauti. "Mmesikia Kirusi safi? Ndugu zangu, lugha hizi mbili zinafanana ajabu! Kwao maneno hayo ni shukrani tupu. Si ndivyo, mzee?"

Macho yote yakamgeukia Mrusi. Akaivuta kofia hadi masikioni.

"Da."

Mgeni hakuwa ameelewa hata neno. Alichoelewa ni kwamba kuna mtu aliyehangaika kumwandikia lugha ya wenyeji kwa herufi za kwao, ili aweze kuitamka. Machozi yakamlenga. Akamkumbatia Mrusi hadi kofia ikaanguka.

Kesho yake mota ilikuwa mahali pake. Mkurugenzi alitangaza kwamba imeletwa kwa ndege alfajiri kutoka Urusi. Mgeni akaipuliza, likatoka wingu la unga. Akapiga chafya, akakaza bolti, na mashine ikafunga vizibo kama iliyokuwa ikividai.

Mrusi hakufukuzwa. Nani angemfukuza, na Kirusi chake kilithibitishwa na mkurugenzi mwenyewe mbele ya kiwanda kizima? Badala yake wapakiaji walidai darasa la Kirusi baada ya kazi, naye akalifundisha akiwa juu ya kiti chake cha magurudumu. Wote walifaulu tangu somo la kwanza. Walizungumza lugha hiyo kwa sauti, madirisha wazi, na mkurugenzi kila alipopita akasikia wanavyomsema, ilimbidi atabasamu kama mtu asiyeelewa kitu.