Wali Usioiva kwa Wakati

Jumanne, tarehe 4 Machi, mwaka 2025, daktari wa macho alikataa kumpasua mama mkwe wangu mtoto wa jicho. Sukari yake ilikuwa juu mno. Ishuke kwanza, ndipo arudi. Mama mkwe, ambaye siku hizo aliwatambua wajukuu wake kwa sauti na kishindo cha miguu, alitoka pale nimemshika mkono.

Muuguzi alitueleza kwa upole kwamba dawa aendelee kumeza, lakini abadili mpangilio wa kula: aanze na nyama, mayai au maharage pamoja na mboga, wali ufuate nyuma, tena kidogo. Protini, alisema, husagwa tumboni na utumboni ikawa chembe ziitwazo asidi amino. Hizo huliamsha kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari, na chakula hutoka tumboni taratibu, hivyo wali unapowasili hukuta mlango una bawabu.

Shida ni kwamba mtaa mzima humwita mama mkwe Bibi Adabu. Mwanawe, yaani mume wangu, ni mwuza nyama, na nyumbani kwetu nyama haikosekani. Lakini sheria ya mama ni kwamba nyama huliwa mwisho. Anayeanza nayo ni mlafi, na mlafi hakulelewa. Yeye humaliza kilima cha wali, akifika kwenye nyama ameshiba, akaigawia wajukuu. Wageni humsifu kwa ukarimu. Sifa zikipanda, sukari nayo hupanda.

Mume wangu alimsihi. Akajibiwa, "Baba yako alikufa kipofu, lakini hakuwahi kugombea mnofu." Akarudi zake buchani.

Maneno yalipogonga mwamba, nikaona kwamba adabu ina upande wa pili: ulichoandaliwa hukikatai, na usichoandaliwa hukiulizi. Mchana uliofuata nikamwekea bakuli la nyama na maharage, na sahani ya mboga, basi.

"Wali haujaiva, mama," nikasema.

Alipapasa meza kulia na kushoto. Akasubiri. Akakohoa. Mwisho akala. Wali ulipofika, vijiko vichache vilimtosha.

Tangu hapo wali wangu haukuiva tena kwa wakati. Bibi Adabu akawaambia majirani, kwa huruma kubwa, kwamba mkwe wake ni mwema ila jikoni hana mkono. Nikainamisha kichwa. Sukari nayo ilikuwa ikiinamisha chake.

Mwezi Juni akapasuliwa. Alipoanza kuona, aliingia jikoni bila kushikwa mkono, akanikuta nikimpakulia nyama, akafunua sufuria ya pili. Wali ulikuwa umeiva, punje moja moja. Akautazama, kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Huu umeiva tangu lini, mwanangu?"

"Tangu Machi, mama."

Akafunika sufuria polepole. "Basi na leo usiwe umeiva," akasema, akaenda kukaa mezani.

Wewe uliyesoma, msomee na mwenzio asiyejua kusoma, hasa akiwa na sukari na adabu nyingi.