Zamu ya Askari Nadhifu

Sajini alikuwa mtu wa kuamini macho yake. Asubuhi ya ukaguzi, alipofika kwenye kitanda cha Kinanda, alibaki kinywa wazi. Tangu kikosi kirudi vitani, kijana huyu aliyekuwa akiongoza nyimbo katika kanisa la kambi hakuimba tena, hakuchana nywele, na kombati yake ilikuwa aibu tupu. Leo shuka limenyooka, buti zinang'aa, na mwenyewe anatabasamu.

"Umefufuka, Kinanda! Redio yako iko wapi?"

"Nimempa jirani, afande."

"Na kitabu cha nyimbo?"

"Nimemwachia mwenzangu."

"Makubwa! Umekuwa mtakatifu siku hizi?"

Bweni zima likaangua kicheko. Chanda chema huvikwa pete, na pete ya kikosi kile ilikuwa moja: aliyeshinda kwa unadhifu alikabidhiwa bunduki akalinde mlango wa mkuu. Sajini akamtangaza Kinanda papo hapo. Alifurahi kweli, maana kijana huyu alikuwa amemnyima usingizi.

Padri wa kikosi hakucheka. Alimvuta sajini pembeni.

"Afande, mtu anayegawa vitu vyake hivi anaaga. Muulize kama anataka kujiua."

"Usimchurie kijana, padri! Si ndiyo utampa wazo?"

"Kama analo, analo. Kuuliza hakuui."

Sajini alikasirika, kisha akaogopa. Akawatoa wengine nje, akarudi kitandani pale na padri nyuma yake.

"Kinanda, unataka kujiua?"

"Ndiyo, afande." Alijibu kifua mbele, kwa sauti ya gwaride.

"Lini?"

"Leo, zamuni. Ndiyo maana nimejisafisha, afande. Nilitaka nichaguliwe."

Sajini akaketi juu ya shuka lile. Bunduki angempa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, tena kwa makofi.

"Mungu je? Si ulikuwa unaomba?" sajini akauliza.

"Naomba kila siku. Haitiki mtu."

Padri aliinamisha kichwa, hakuhubiri. Sajini, aliyezoea kufoka tangu ujana wake, alitafuta amri ya kutoa akaikosa. Akaushika mkono wa Kinanda kama baba anayemvusha mtoto barabara.

"Bunduki hupewi. Tunakwenda zahanati sasa hivi, na mimi sibanduki hapo."

"Nimechoka, afande."

"Najua, mwanangu," sajini alisema, na machozi yakamtoka, kwa sababu hakuwa amejua chochote.