Pampu Yenye Adabu Kupita Kiasi

Siku ya kwanza pampu ilipoanza kutuma ujumbe, Mzee Bujiku hakupata nafasi hata ya kumaliza chai. Simu ililia akiwa mezani, ikalia akiwa zizini, ikamfuata mpaka chooni. "Pampu imewashwa." "Nimepima maji." "Maji yako kawaida." "Nimepima maji." Kufika mchana alikuwa ameingia dukani kwa Vumilia pale Kharumwa, ameishika simu kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya kwa mkia.

"Mama Wema, kiondoe hiki kitu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kiondoe."

Vumilia alimvutia kiti, akamwondoa mteja wa fotokopi kwa kumwambia arudi baadaye, kisha akafungua kompyuta yake. Alikuwa na diploma ya kompyuta aliyoisomea Shinyanga mjini, duka la kuchapa na kutengeneza simu, na mtoto wa kike, Wema, aliyekuwa darasa la pili. Sasa alikuwa pia na programu yake mwenyewe, ya kwanza aliyoiandika kwa kazi ya kweli, nayo ilikuwa inalinda duara la Mzee Bujiku, yaani shimo lake la kuchimbia dhahabu.

Duara lile lilikuwa na dhahabu, kila mtu alijua, lakini lilikuwa na maji kuliko dhahabu. Msimu uliopita pampu iliziba bila mtu kugundua. Maji yakapanda kimyakimya, yakalowesha udongo nyuma ya matimba, yaani zile nguzo zinazoshikilia kuta, na ukuta mzima ukaporomoka. Bahati wachimbaji walikuwa wamepumzika. Lakini kazi ya miezi ilirudi chini ya kifusi. Ndipo Vumilia alipomwambia Bujiku kwamba anaweza kuweka boya shimoni na kompyuta ndogo kwenye kibanda cha pampu, na maji yakipita alama, mwenye duara apate habari popote alipo. Bujiku alikubali kujaribu mpaka mwisho wa mwezi. Wenye maduara wengine walikaa kando wakitazama. Vumilia alielewa vizuri: kitu hiki kikifeli kwa Bujiku, kimefeli Nyang'hwale nzima, na yeye atarudi kuchapa barua za maombi ya kazi za watu wengine mpaka azeeke.

"Baba, nisikilize," alisema. "Programu yoyote nzuri huandika kila inachokifanya. Hayo maandishi tunayaita logi. Ikiharibika, fundi anasoma logi, anajua ilianza kuumwa wapi."

"Sasa mimi ni fundi?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekosea. Nimeiachia iseme yote, na yote ije kwako."

"Ifunge mdomo."

"Haifungwi mdomo, inapangiwa." Akamgeuzia kioo. "Kazi ya kuandika logi sikuibuni mimi. Kuna maktaba, ni programu waliyokwisha kuiandika wengine, unaichukua tu na kuiunganisha na yako. Uzuri wake ni faili hili moja la mipangilio. Hapa unasema habari gani ni ndogo, ipi ni onyo, ipi ni hitilafu. Hapa unasema ipi iende wapi. Na hapa unasema iandikwe kwa sura gani. Pampu yenyewe huigusi kabisa."

Bujiku alilitazama faili lile kwa mashaka, kama anayeonyeshwa ng'ombe asiye na pembe.

Vumilia akapanga. Habari ndogo ndogo zibaki ndani ya kompyuta ya kibandani. Hitilafu peke yake ndizo zitumwe kwa simu. Na kwa kuwa salio la siku ile moja lilikuwa limeteketea, akaongeza mstari mwingine: ujumbe wowote usizidi SMS moja, ukizidi ukatwe.

"Hitilafu zije na kwangu," alisema. "Simu mbili ni bora kuliko moja."

"Hapana. Habari za duara langu zinakuja kwangu. Leo nikuruhusu wewe, kesho mjini wote wanajua kuna nini chini."

Hapo hakubishana naye. Wenye maduara ndivyo walivyo, siri ya shimo hawampi hata shemeji.

Wakaenda kujaribu. Nasibu, kijana wa Kigoma aliyekuwa msimamizi wa pampu, alilivuta boya kwa kamba mpaka likapita alama. Simu ya Bujiku ikalia. Akasoma kwa sauti: "Hitilafu. Maji yamepita alama." Akasoma tena. Uso ukakunjamana.

"Imefanya kazi," alisema Vumilia.

"Imefanya kazi, lakini haina adabu. Mtu anakuletea habari mbaya, anaanza tu, pwaa! Hajakuamkia, hajauliza za nyumbani. Hata mgambo akija kunikamata ataanza na salamu."

"Baba, ni mashine."

"Inasema Kiswahili, au haisemi?"

"Inasema."

"Basi isalimie."

Nasibu alicheka mpaka akakaa chini. Vumilia naye alitaka kusema neno kali, na maneno makali hayakuwa adimu kinywani mwake, lakini akafikiri: mwenye duara ni yeye, na kubadilisha sura ya ujumbe ni mstari mmoja tu. Kwa nini nipoteze kazi kwa ajili ya shikamoo? Akafungua faili. Bujiku akamwamuru aandike, huku akitembea mbele ya kibanda mikono nyuma kama mwalimu wa imla, na hakuacha mpaka alipotosheka:

"Mwangaluka, baba. Shikamoo. Habari za nyumbani? Mama Loveness hajambo? Watoto je? Ng'ombe wameamkaje? Na mvua huko? Pamba inaendeleaje? Sisi huku ni mhola duhu."

"Mhola duhu," alirudia Bujiku kwa raha. "Amani tupu. Halafu ndipo iseme shida yake. Mtu na heshima zake."

Vumilia akajaribu kwenye kioo cha kompyuta. Salamu zikatoka, shida ikafuata nyuma yake, vyote vimenyooka. Wakaagana wamefurahi.

Jumapili iliyofuata, Vumilia alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anamsuka Wema. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa Bujiku alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

"Mama Wema! Nakushukuru sana, mwanangu. Mashine yako sasa imepata malezi."

"Shikamoo, baba. Imefanyaje?"

"Imenisalimia leo! Nikiwa kanisani imenisalimia. Natoka kanisani, imenisalimia. Nimekaa kula, imenisalimia tena. Mpaka mke wangu, Mama Loveness, anaringa, maana na yeye inamuulizia kila mara. Nimeijibu marahaba mpaka nimechoka."

Chanuo la Vumilia lilisimama hewani.

"Imesema nini baada ya salamu?"

"Haikusema kitu. Sisi huku ni mhola duhu. Basi. Nimefurahi."

"Baba, soma mwisho wa ujumbe."

"Nimekwambia. Mhola duhu."

Vumilia alihesabu herufi kichwani, akaacha katikati kwa sababu hakukuwa na haja. Salamu za Mzee Bujiku zilijaza SMS nzima, na mkasi aliouweka mwenyewe ulikata kila kilichokuja nyuma. Kwenye kioo hakuna mkasi. Hakuujaribu kwenye simu.

"Baba Loveness!" alipiga kelele mpaka Wema akashtuka. "Ile mashine haisalimii bure! Ikikusalimia, maji yamepanda!"

Upande wa pili ilisikika sauti ya sahani.

"Mungu wangu. Na mimi naitikia."

"Mpigie Nasibu!"

"Nasibu simu yake iko mjini, inachajiwa!"

"Basi tukutane huko."

"Mama, na upande huu?" aliuliza Wema, akishika nywele zilizosimama.

"Vaa kofia," alisema Vumilia, akamkabidhi kwa jirani, na kabla hajamaliza kufunga kanga alikuwa ameshapanda bodaboda.

Alimkuta Nasibu amekaa kivulini, anakula muhogo. Injini ya pampu ilikuwa inanguruma vizuri kabisa.

"Mama Wema, kwema? Mbona Jumapili?"

"Maji yanatoka?"

"Injini si unaisikia?"

"Sikuulizi injini. Nakuuliza maji. Nenda mwisho wa bomba."

Mwisho wa bomba ulikuwa mbali, nyuma ya kilima cha udongo, ambako maji humwagwa bondeni. Nasibu alikwenda akitembea, akarudi akikimbia. "Linadondosha kama bomba la maji la mjini!"

Bujiku akafika na pikipiki, koti la kanisani likipepea. Wakazima injini, wakashika kamba ya mpira wa kunyonyea, wakavuta wote watatu. Mpira ulikuwa mzito, umejaa maji na tope. Bujiku alivuta akiwa na viatu vyake vyeusi vya Jumapili, akiteleza na kulaani kwa Kisukuma mambo ambayo Vumilia alijifanya hayasikii. Kelele zao zikamvuta Paskazia, mama mwenye duara la jirani. Hakuuliza lolote. Alifunga kitenge kiunoni, akashika kamba nyuma ya Vumilia, na mpira ukaanza kupanda.

Mdomoni mwake ulikuwa umevaa salfeti. Mfuko mzima wa salfeti, umenyonywa na kujifunga kama kilemba.

"Nani aliyetupa hii?" alinguruma Bujiku.

"Utauliza baadaye," alisema Vumilia. "Rudisha chini."

Pampu ilipowashwa tena, ikakohoa, ikatetemeka, kisha kutoka nyuma ya kilima wakasikia maji yakipiga mawe. Walikaa pale wakichungulia alama kwenye kamba, na jua lilipoanza kulegea, maji yalikuwa yameshuka chini ya alama. Nasibu akafungwa kamba, akateremshwa mpaka kwenye matimba ya chini. Wakamsikia akigonga nguzo moja baada ya nyingine. Vumilia aligundua ameshika mkono wa Paskazia kwa nguvu mno.

"Zimelowa miguu tu!" ilipanda sauti. "Ukuta mgumu! Hakuna kilichotingishika!"

Bujiku akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua kiatu, akamwaga tope.

"Ingefika kesho asubuhi," alisema, "tungekuwa tunazika duara."

"Kosa langu," alisema Vumilia. "Niliweka kikomo, nikasahau kuwa nimekiweka. Nilijaribu kwenye kioo, sikujaribu kwenye simu yako. Ukitaka nichukue vitu vyangu, nitachukua leo."

Bujiku alimtazama. "Mashine iliniambia?"

"Ilikuambia. Kila ilipopima maji ilikuambia. Salamu zilikaa mlangoni, habari ikakosa pa kupita."

"Kwa hiyo unataka nizitoe."

"Nataka nikuulize swali. Ng'ombe wako wakiibwa, utapiga mwano?"

"Sasa nitapiga nini, filimbi? Nitapiga mwano, nipaze ukelele kijiji kizima kisikie, na kila mwanamume atatoka na rungu lake."

"Mwano wako utaanza na shikamoo?"

Paskazia alikuwa wa kwanza kucheka. Mabega ya Bujiku yakaanza kutikisika.

"Shikamoo, habari za nyumbani," alisema Paskazia kwa sauti ya juu ya kuigiza, mkono mdomoni, "watoto je, pamba inaendeleaje, ng'ombe wangu wako Geita saa hizi!"

"Basi, basi," alisema Bujiku akifuta macho. "Mwano hauna salamu. Mwano ni mwano. Lakini sitaki mashine isiyosalimia kabisa."

"Hutaikosa," alisema Vumilia, na tayari alikuwa ameshaifungua kompyuta magotini. "Si nilikwambia kila aina inapangiwa sura yake? Hitilafu itakuwa mwano, haina salamu, haina kona. Taarifa ya kawaida itakuja mara moja kila jioni, na hiyo itakusalimia mpaka ulale usingizi. Na mkasi nautoa."

Aliandika, akahifadhi, na safari hii akamwambia Nasibu avute boya huku simu ya Bujiku ikiwa mkononi mwa Bujiku. Ikalia. "MAJI! MAJI! DUARA LA BUJIKU, MAJI YAMEPITA ALAMA!" Mzee aliruka kutoka kwenye ndoo, akapiga hatua kuelekea shimoni kwa mguu mmoja wenye kiatu, ndipo akakumbuka.

"Hiyo sasa," alisema akihema, "hiyo hata maiti inaamka."

"Tumefanikiwa?"

"Subiri." Alirudi kukaa, akafikiri. "Mwano haupigwi kwa mtu mmoja. Mwano unasikiwa na majirani. Leo bila Paskazia tungekuwa bado tunavuta. Hilo faili lako linaruhusu?"

Vumilia alimtazama kama aliyemsikia vibaya. "Linaruhusu namba zozote. Lakini wewe ulisema habari za duara..."

"Nilisema habari. Dhahabu haimo kwenye mwano, mna maji. Maji hata mwizi hayataki. Weka ya Paskazia. Weka na ya kwako."

"Na mimi mwano wangu je?" alisema Paskazia. "Au mimi duara langu halina maji? Kesho ulete boya na hicho kisanduku kwangu, Mama Wema. Mimi sihitaji mwezi wa kujaribu, nimeshaiona."

Vumilia alifungua ukurasa mpya kwenye kompyuta na kuandika jina la Paskazia juu.

"Taarifa ya jioni ikusalimieje, mama?"

Paskazia akajifuta tope kwenye shavu, akalifikiria jambo hilo kwa uzito kuliko lolote lililotokea siku ile.

"Isinipe shikamoo," alisema. "Nani kakwambia nimezeeka? Iniite dada. Ianze na mambo vipi."

"Mambo vipi!" Bujiku alishika kichwa. "Kwenye mashine!"

"Yangu, siyo yako," alisema Paskazia. "Andika, mdogo wangu."

Vumilia akaandika.