Kaseti ya Kilio cha Mardochée

Uliona. Usijifanye hukuona. Siku ile walipomwaga kaseti za video katika mtaro wa Kamalondo, utepe mweusi ukajisokota kwenye miguu ya wapita njia kama matumbo ya kuku, wewe ulipita simu ikiwa sikioni. Ulizikanyaga. Na kwenu, chini ya kitanda cha mama yako, kuna katoni ambayo hujaifungua tangu baba yako azikwe. Kila mwaka unasema utaiangalia, kila mwaka unageuza uso. Basi leo kaa chini usikie habari za Léonie, ambaye hakugeuza.

Léonie Chola ni mshonaji wa mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi. Pale ukutani ambapo washonaji wengine hubandika picha za mitindo ya nguo za liputa, yeye ana rafu za kaseti. Wahindi wanaoimba mvuani wapo. Wachina wanaopiga teke hewani wapo, na Wazungu wa farasi na bastola, na tamthilia za Kifaransa ambazo mwanamke analia toka mwanzo mpaka mwisho. Watu humletea huku wakicheka: "Tantine Léo, nakuletea takataka yako!" Anapokea. Anafuta ukungu kwa kitambaa cha pamba, anauzungusha utepe polepole mbele na nyuma usigandane, kisha anautazama katika mashine yake ya video, ambayo anaitunza kuliko cherehani inayomlisha.

Lakini hayo yote ni ya wengine. Dunia nzima iko kwenye rafu yake, isipokuwa Lubumbashi.

Alichokuwa akikitafuta ni kundi moja la maigizo, Groupe Musumeno. Kila Alhamisi jioni lilikuwa likitokea kwenye televisheni na kuongea Kiswahili cha hapahapa, cha sokoni na cha kampi ya wachimbaji, na mji mzima ulikuwa ukifunga milango kuliangalia. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulimhusu Kapita, msimamizi wa kazi anayekula posho ya wafanyakazi kisha anawauliza mbona wamekonda. Kapita huyo aliigizwa na Symphorien Chola, baba yake Léonie, ambaye mchana alikuwa mfanyakazi kama wale aliowatetea. Watu walicheka. Wakubwa hawakucheka. Symphorien alifukuzwa kazi, na nyumba ya kampi ikaenda na kazi. Akafa Léonie angali anabebwa mgongoni.

Picha yake anayo moja, ya kitambulisho cha kazi, uso umekunjamana kama wa mtu aliyeambiwa asipumue. Sauti hana. "Sauti ya papa yako," mama yake alikuwa akimwambia, "ilikuwa inaingia mu nyumba mbele yake." Léonie amezeeka na maneno hayo. Anajua baba yake alisema nini, kwa sababu wazee wanamkariri mpaka leo wakishalewa. Hajui alisikika vipi.

Alikwenda kwenye kituo kilichorusha maigizo yale. Wakamwambia kaseti zilikuwa chache, hotuba zilikuwa nyingi, na hotuba zikarekodiwa juu ya maigizo. Waliotoa amri hiyo wamezeeka vizuri, wana bustani zenye maua. Hakuna aliyewauliza. Wewe uliwauliza?

Sasa, Israël. Huyu ni fundi wa redio na televisheni, kibanda chake kinatazamana na mlango wa Léonie. Siku moja alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa, akawa anavuta maneno.

"Léo. Ile Kapita ya papa yako, miye nayua fasi iko."

"Papa Israël, usinicheze."

"Sikuchezi. Iko mu mtaa wa Hewa Bora, kwa Mama Marie-Thérèse. Bwana yake, marehemu Mardochée, alikuwa anarekodi televizyo kila jeudi. Alikuwa na maladi, bugonjwa ya kaseti, kama weye. Lakini iko paka tatizo moja tu."

"Gani?"

"Iko chini ya kilio."

Akaeleza, macho kwenye viatu. Alipokuwa kijana alikuwa na kamera ya begani, akipiga video za harusi na za vilio, yaani mazishi. Mardochée alipokufa familia ikamwita. Walimwahidi kaseti mpya, na haikuonekana. Mtu mmoja akaingia ndani, akachomoa kaseti kwenye rafu ya marehemu, imeandikwa Kapita. Mardochée alikuwa ameshavunja kile kijino cha plastiki ili mtu asirekodi juu yake.

"Na weye ukafanya nini?"

"Nikafanya kama bantu bote. Nikaweka skochi."

Unaijua hiyo. Tundu likizibwa kwa skochi, ule mkanda wa gundi, kaseti inafunguka tena kama haijawahi kulindwa. Tulifanya hivyo kwa ubatizo, kwa harusi, kwa kilio. Kituo kilifuta kwa hotuba, na sisi nyumbani tukamalizia kwa skochi, tukijipongeza kwa ujanja.

"Nilianzia mwanzo," Israël akasema. "Makaburi, kurudia ku nyumba, mpaka bantu banakula. Kapita ilikuwa kwa mwisho. Kama sikufika, iko."

Sasa, kaseti ya kilio haiazimwi. Mjane huiweka chini kabisa ya sanduku, pamoja na nguo ya msiba. Machozi ya nyumba hayatembezwi kwa jirani. Léonie alilijua hilo, akaenda hata hivyo.

Mama Marie-Thérèse alimpokea ukumbini. Pembeni ya katoni moja kubwa ya kaseti alikuwa amekaa mulamu wake Aimé, mdogo wa marehemu, shati jeupe, Biblia mapajani. Léonie akasema alichojia, na Aimé ndiye aliyejibu, kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo.

"Dada, umechelewa. Ile mambo yote ya bafu, ya bantu balikufa, tutachoma samedi, keshokutwa. Chambre de prière, bale ba maombi, imeona: Exaucée haolewi ju bintu ya papa yake inamufunga."

"Inanifunga miye?" Exaucée, binti wa nyumba, akamjibu baba yake mdogo toka jikoni. "Bale banakuya kuniposa ni bavivu, papa leki. Kaseti haina kosa."

"Nyamaza, bakubwa banasema."

Marie-Thérèse alikuwa anamtazama Léonie. "Weye ni mutoto wa Kapita?"

"Ndiyo, mama."

"Hmm. Bwana yangu alikuwa anacheka na papa yako mpaka anashuka mu kiti." Akaonyesha chumba chake kwa kidevu. "Iyi kaseti ya kilio sijaiangalia hata siku moja. Bezi baliingia siku ya kilio, bakabeba televizyo, bakabeba na mashine ya video. Televizyo nilinunua ingine, mashine hapana, njo nikaiweka vile. Uko na mashine?"

"Niko nayo."

"Leta kesho. Lakini sikia muzuri: mu kilio muntu haingiliake katikati. Utakaa toka mwanzo. Utalia na siye. Kisha papa yako atakuya, kama iko atakuya."

Léonie angeweza kusema kwamba kuikimbiza mbele ni kubonyeza tu. Hakusema. Utepe wa zamani ukikimbizwa unakatika, hilo ni kweli; lakini pia alielewa ameombwa nini.

Ijumaa mchana wakakaa: mjane, Exaucée, Aimé aliyekuja kulinda roho za watu, na Léonie karibu na mashine. Rangi zilikuwa zimegeuka kijani. Kwaya ikaimba kama imezama majini. Jeneza likatoka. Marie-Thérèse akalia bila sauti, kisha akaanza kunyooshea kidole: "Ule alikufa. Ule naye. Yule yuko Kipushi, alioa tena." Akajiona mwenyewe kwenye godoro katikati ya wanawake. "Yo! Angalia vile nilikuwa mwembamba!" Akacheka na machozi yake, na Exaucée akacheka, na Léonie, ambaye hakumjua Mardochée, akajikuta analia kilio cha kweli. Alikuwa hajawahi kukaa kilio cha baba yake mwenyewe.

Kisha Israël wa zamani, kijana mwenye kamera, akageuka kuelekea uani, watu wanakula. Nyuma yao, kwenye mlango wa jikoni, akatoka mwanaume mwembamba amebeba mashine ya video begani, waya unaburuta. Mwingine nyuma yake amekumbatia televisheni. Yule wa kwanza akaona kamera. Akaja, mkono ukafunika kioo cha kamera. Uso wake, uso wa Aimé wa ujana, ulijaa kabla ya mkono, wazi kama wa kitambulisho.

Kaseti iliendelea kuimba.

"Mulamu," Marie-Thérèse akasema. "Si ulisema ni bezi?"

"Ile... tulikuwa tunachunga bintu. Ilikuwa coutume, desturi. Bakubwa ba famille..."

"Mulichunga wapi? Miaka yote niko na iyi kaseti mu sanduku, sina fasi ya kuiangalia, ju weye ulibeba macho yake."

Aimé akasimama, mkono kwenye waya.

"Kaa," mjane akasema. Hakupaza sauti. "Kilio haiyaisha."

Na Aimé, na shati lake jeupe, akakaa.

Theluji ya utepe mtupu ikajaa kwenye kioo. Ikachemka muda mrefu mpaka Léonie akaanza kusema moyoni, basi, hayupo, nimefika mpaka hapa, hayupo. Kisha mstari wa rangi ukapasua, ngoma ikalia, na mwanaume mwenye mto chini ya koti akaingia na kofia ya usimamizi.

"Nani anasema posho haitoshi? Posho inatosha! Yenye haitoshi ni matumbo yenu, hayayajifunza!"

Ilikuwa sauti nene, yenye kukwaruza pembeni, inayopanda mwishoni kama inayouliza hata isipouliza. Exaucée aligeuka kumtazama Léonie, kwa sababu alikuwa ameisikia sauti hiyo ukumbini humo jana. Ilikuwa ya Léonie, imevaa suruali. Maisha yake yote aliitembeza mjini, akiwaita wateja, akigombana na wauza nyuzi, asijue ni ya nani.

Mwanamke wa mchezo akajibu: "Kapita, basi fungua koti, tuone tumbo yenye ilijifunza!"

Watazamaji wa zamani wakaangua kicheko. Kapita akashika kifungo cha kwanza. Picha ikainama. Mashine ikatoa mlio kama panya aliyebanwa.

Léonie alibonyeza kusimamisha kabla hajafikiri, kama mtu anayemvuta mtoto barabarani. Akabonyeza kutoa. Haikutoa. Meno yalikuwa yameuma utepe.

"Munaona?" Aimé akasema, amepata sauti yake tena. "Mungu mwenyewe amefunga kinywa."

"Mungu haingiake mu mashine, mulamu. Ni buchafu." Marie-Thérèse akamgeukia Léonie. "Beba mashine yako, na kaseti ndani. Kesho asubui kuya kubeba na katoni yote. Ni ma jeudi ya bwana yangu. Mu iyi nyumba hakuna mwenye kuichunga."

Ndiyo kusema katoni nzima. Alhamisi zote za Musumeno ambazo Mardochée alizilinda, nyingi hazijawahi kuguswa na skochi ya mtu. Léonie alirudi Kamalondo na mashine mapajani kama mtoto mwenye homa.

Jumamosi asubuhi alifika Hewa Bora na mkokoteni wa kukodi. Harufu aliipata kabla ya nyumba. Plastiki ikiungua ina harufu inayokaa kwenye meno. Uani watu wa chambre de prière walikuwa wanaimba kuzunguka moto mweusi, na kaseti zinajikunja, zinadondoka matone.

Exaucée alikuwa getini, kanga yake imeungua pembeni. "Tantine, balikuya mama akiwa ku soko. Nilivuta katoni, bakanisukuma."

Aimé akaja akijifuta majivu. Hakuonekana mshindi. Alikuwa na macho ya mtu aliyetafuta kitu na hakukipata.

"Ile ya kilio," akasema. "Iko wapi?"

Léonie alisimama na mkokoteni wake mtupu akaelewa: meno ya mashine aliyoyatukana usiku kucha ndiyo yaliyoiokoa. Kama kaseti ingetoka vizuri, ingerudi sandukuni, na leo ingekuwa inadondoka na nyingine.

Sasa mashine iko kwenye meza ya Israël, kifuniko wazi. Utepe umezunguka kichwa cha mashine na kubana, na sehemu iliyobana ndipo kilio kinapopakana na mchezo. Akiukata, atapoteza kipande. Upande upi? Marie-Thérèse alikuja toka Hewa Bora, akainama akautazama kwa muda.

"Bwana yangu iko humu," akasema. "Papa yako iko humu. Na ule mwizi iko humu. Usikate."

"Mama, bila kukata nalomba mashine ingine ya vile vile," Israël akasema. "Nitoe bipande ya kutengeneza iyi. Na hapa Lubumbashi naipata wapi?"

Juzi wanaume wawili wenye mashati meupe na Biblia walipita mtaani wakiuliza atelier ya kushona ya yule mwanamke wa kaseti ni ipi. Wauza nyanya wakawapoteza, wakawaelekeza njia ya makaburini. Lakini watarudi. Léonie ameacha kushona, analala kwenye kiti kibandani kwa Israël, mguu mmoja umegusa meza. Wateja wakija anawajibu kwa sauti ile, na sasa kila akifungua mdomo anamsikia mwanaume aliyeshika kifungo cha kwanza cha koti na hajakifungua bado.

Nawe umesoma mpaka hapa, na katoni iko palepale chini ya kitanda. Unadhani maladi ya kaseti ilikuwa ya Mardochée peke yake? Kulikuwa na wengine waliorekodi Alhamisi, mji mzima ulifunga milango. Mmoja wao ni baba yako. Ile mashine nzito unayoitumia kuegemezea mlango, hiyo ndiyo Israël anaitafuta. Jumamosi nyingine inakuja, na kuna mtu kwenu tayari ametafuta kiberiti.

Weka simu chini. Inuka. Usiseme kesho, Léonie alikuja kesho akakuta moshi. Piga magoti, vuta katoni, usiianike juani, usibonyeze kitu, na skochi yoyote utakayoikuta, ing'oe. Beba mashine begani, mchana, watu wakuone. Ukifika Kamalondo uliza mshonaji wa kaseti, na ukisikia sauti nene inayopanda mwishoni, umefika. Nenda.