Mbili Hadi Nane

Kila asubuhi, kabla ya kumfunga mkewe kanga, Shuaibu aliipasha mikono yake juu ya mvuke wa birika. Hakutaka vidole vilivyotoka kwenye maji ya kisima vimguse Somoe vikiwa baridi. Kisha alimwinua kwa kumshika makwapani, akamzungushia kanga, akaukunja upindo na kuuchomeka kifuani. Somoe aliukazia macho ukuta mpaka kazi hiyo iishe. Kuvishwa na mume kama maiti inayosubiri sanda si jambo ambalo angelisimulia kwa wenzake wa Mlingotini.

Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio na kupindia upande mmoja, vyote kumi, kama vinakimbia kitu. Kushika kikombe aliweza kwa viganja viwili. Kusuka ukili, basi tena.

Hospitalini Bagamoyo waliuita ugonjwa huo baridi yabisi, na jina likajieleza lenyewe. Miaka mingi Somoe alilima mwani, akishinda kwenye maji ya bahari mpaka kiunoni. Ni nani asingejua, basi, kwamba baridi ya bahari ilimwingia mifupani ikakaukia humo? Hakuna aliyemweleza kuwa ni kinga ya mwili wake mwenyewe iliyogeuka, ikawa inayala maungio yake. Kwa hiyo Shuaibu alimkataza maji ya mtungini, akamkataza kulala bila mkeka juu ya godoro, akaanza kuosha vyombo yeye. Barazani walimuuliza mahari yake ilikuwa kiasi gani alipoolewa. Alicheka nao, akarudi kwenye masufuria.

Akimaliza kumfunga kanga alishusha kopo kutoka rafu ya juu, chini ya bati, akatoa boksi la dawa, akalifunga ndani ya kitambaa na kuelekea dukani kwa Badar. Ilikuwa saa mbili kamili. Saa nane mchana, jua likiwa limechachamaa, alilifuata boksi lake akalirudisha koponi.

Badar, ambaye babu zake walitoka Omani na ambaye friji yake ndiyo pekee iliyokuwa karibu, alimpa nafasi kati ya soda na barafu za ubuyu. Hakumtoza chochote.

"Mzee Shuaibu," alimwambia siku moja, "dawa yako hii ni karani wa serikali. Inaripoti saa mbili, inatoka saa nane, na jioni haionekani."

Hanadi, mkewe Badar, alisema kwa upole kwamba boksi lingeweza kulala hapo hapo, lisingemzuia mtu. Shuaibu alimshukuru, akalichukua.

"Masharti ya dawa hayachezewi, mwanangu," alisema. "Na ugonjwa wenyewe ni baridi. Dawa ikilala kwenye baridi usiku kucha itazoeana nayo, haitapigana tena."

Somoe alisimuliwa maneno hayo na Hanadi mwenyewe, na moyoni aliona fahari. Wangapi wana mume wa namna hiyo?

Masharti hayo Shuaibu aliyapata kwenye darasa la Mradi wa Tembea Tena, hospitalini Bagamoyo. Mradi ulikuwa umeleta sindano mpya, mfano wa kalamu, na ya kwanza Somoe alichomwa pale pale hospitalini. Baada ya wiki mbili alijifunga kanga mwenyewe. Akamsuka nywele Wahida, bintiye aliyekuja kutoka Ubena kumtazama, mistari minne iliyonyooka, na Wahida akalia kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Walipoona hivyo, watu wa mradi walimpa boksi aende nalo nyumbani, awe anachomwa na mkunga mstaafu wa hapo kijijini. Lakini kwanza darasa.

Msimamizi wa mradi, Jasmin, msichana mwenye heshima zake aliyetoka Dar es Salaam, alifundisha kwa picha zilizomulikwa ukutani. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Maneno yake aliyachanganya kama mchele na chuya, msikilizaji ndiye apete. Wagonjwa walikaa ndani, waliowasindikiza walisimama dirishani. Somoe alinyoosha mkono wake uliopinda; akaambiwa maswali mwishoni. Mwishoni ikapigwa picha ya pamoja, kisha gari likawa linasubiri.

Dirishani, Shuaibu aliyadaka maneno aliyoweza. Dawa inakaa kwenye friji. Mbili hadi nane. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya bodaboda, aliyarudia kimya kimya kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura: friji, mbili hadi nane, friji, mbili hadi nane.

Ila sindano za nyumbani hazikufanya kazi. Uvimbe ulirudi kwanza vifundoni, kisha magotini, kisha kwenye taya, ikawa hata kutafuna muhogo ni mtihani. Somoe alijilaumu. Labda alikosea siku. Labda hakuamini vya kutosha.

Siku ya wageni ilipofika, Shuaibu alipiga pasi kanzu yake. Wafadhili walikuwa wamekuja kuuona mradi, wamekaa mstari wa mbele na mkalimani wao. Safari hii wasindikizaji nao waliingizwa ndani ili ukumbi ujae. Somoe alikaa ubavuni mwa mumewe, mikono ameificha chini ya mtandio.

Jasmin aliuliza ni nani angewaeleza wageni namna anavyotunza dawa nyumbani. Shuaibu akasimama.

Alianza kwa salamu na dua. Akasema wao hawana friji, lakini penye nia hapakosi njia. Akamtaja Badar kwa wema wake. Akasema tangu siku ile hajawahi kukosa, mvua wala msiba: saa mbili asubuhi anaipeleka dawa kwenye friji, saa nane mchana anaitoa, kama walivyofundishwa. Akavua kofia, akaishika mbele ya kifua, akangoja.

Aliyeanza kucheka ni muuguzi mmoja, aliyejaribu kuziba mdomo. Kisha benchi la nyuma. Kisha hata wagonjwa, wale wenye friji na wale wasiokuwa nayo, maana anayecheka haulizwi kitu. Shuaibu alitabasamu pamoja nao, akidhani amesema jambo la kufurahisha.

"Baba yangu," Jasmin alisema, "si saa. Mbili hadi nane ni nyuzi. Dawa inakaa kwenye friji mchana na usiku."

"Nyuzi za nini, mwanangu?"

Ukumbi ukapasuka upya; hakuna aliyemwambia kuwa ni kipimo cha joto na baridi. Mkalimani naye akawa amemaliza kuwaeleza wageni, na wageni wakacheka wakiwa wamechelewa, peke yao, wakati wengine wameshatulia. Kicheko hicho cha mwisho, kifupi na cha adabu, ndicho Somoe alichokisikia mpaka kwenye meno. Alitaka kumvuta mumewe kwa kanzu akae. Vidole havikukubali kushika kitambaa.

Baadaye daktari wa mradi aliwaita chumbani. Hakuwa mtu mkali. Alisema dawa iliyopashwa joto na kupozwa kila siku huharibika, na kwamba kila sindano ina thamani ya mbuzi kadhaa. Wapo wagonjwa wengi wanaongoja, wenye mahali pa kuiweka.

"Mama tunakutoa kwa sasa," alisema. "Tutakurudisha kwenye vidonge vya maumivu."

"Ile ya kwanza ilinifaa," Somoe alisema. "Nilimsuka mwanangu."

"Najua. Lakini masharti hayakufuatwa."

"Yalifuatwa, daktari. Yeye hakukosa hata siku moja."

"Yalifuatwa visivyo."

"Basi mngetuambia visivyo ni vipi."

Daktari aligeuza kompyuta yake ili waone. Ilikuwa picha ya siku ya darasa: Somoe mstari wa pili, amefumba macho. "Tulifundisha, mama. Huyu si wewe?"

Walirudi Mlingotini. Usiku, taa imeshazimwa, Shuaibu alisema kwa sauti ya mtu anayeongea na dari, "Mimi ndiye niliyekuua." Somoe alitaka kumwekea mkono kifuani. Alijaribu kuunyanyua, ulifika nusu ya njia, ukalala juu ya shuka baina yao.

Masika yalipokwisha, gari la mradi lilipita kijijini likigawa fulana. Somo la Shuaibu lilikuwa limewapendeza wageni, na fedha zikaongezwa kwa ajili ya elimu. Kifuani pa kila fulana palichorwa mzee wa kofia na kanzu, macho yamemtoka, anakimbia na boksi chini ya saa kubwa ya ukutani. Chini yake maneno: MBILI HADI NANE SI SAA! Nyuzi ni kitu gani, hapakuandikwa. Watoto walimwona Shuaibu njiani wakamwita Mzee Saa. Aliacha kwenda barazani. Badar alipomwona anapita alijitia kupanga makopo.

Kufikia hapo mabega ya Somoe yalikuwa yamekaza. Kanga ilimuumiza ikikazwa, na gauni lolote lenye shingo nyembamba halikupita bila yeye kulia. Shuaibu alipekua sanduku lote. Nguo iliyokuwa pana na laini vya kutosha ilikuwa moja tu.

Basi kila asubuhi aliipasha mikono yake juu ya mvuke wa birika. Aliutia mkono mmoja wa mkewe kwenye fulana, taratibu, kisha wa pili, akamvika shingoni, akaivuta chini mpaka kiunoni. Halafu, kwa viganja vyenye joto, akamnyooshea kifuani ile picha, isiwe na makunyanzi.