Mahudhurio ya Mabamba

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili mtu asije akanizunguka nalo. Mimi Herieth, katibu wa Kikundi cha Ujirani Mwema Mabamba, ndiye niliyewachukua wanawake wa ng'ambo ya mpaka alama za vidole. Hakuna aliyenilazimisha. Kwetu mkutano usio na karatasi ya mahudhurio si mkutano, ni kijiwe, na mimi sikutaka mtu aseme tunaendesha kijiwe.

Tulikuwa watu wa kujitolea. Siku za soko tulikaa na wanawake wa Burundi waliovuka kuuza maharage na mawese, tukasuluhisha yale yanayozaa chuki mpakani: mbuzi aliyevuka peke yake akaliwa, bwana mwenye mke huku na mke kule, kila mmoja akijiona ndiye wa pekee. Mwaka 2013 tukasikia kwamba serikali moja ya Ulaya, kupitia wizara yake ya mambo ya nje, inatoa ruzuku kwa vikundi vya namna yetu. Tukaomba, tukapata. Tukanunua mabati na viti, tukaacha kukutana juani.

Hapo ndipo nilipofungua daftari. Jina, kilima anachotoka, maana kwao kilima ndicho kijiji, kidole gumba. Wafadhili walitaka idadi tu, lakini mimi nikaona idadi haitoshi. Wale wanawake walicheka wakipaka wino, wakapangusiana mikono kwenye khanga. Goreti alikuwa mstari wa kwanza kila mara kwa sababu aliwahi kuliko wote, na chini yake alikuwa dada yake, Mediatrisi.

Mwezi wa tano mwaka 2015, machafuko ya uchaguzi yalipowaka Burundi, Goreti alivuka bila mzigo wa kuuza. Alikuwa na watoto watatu na sufuria moja. Kabla ya kupanda gari la kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alinifuata nyumbani, nami nikadhani anataka chakula. Hakuomba chakula. Alinieleza kwamba vijana wa chama tawala wanapita vilimani kutafuta wasaliti, wakiuliza ni nani aliyekuwa akienda kwenye mikutano ya Tanzania, na kwamba Mediatrisi amebaki kule na mama yao asiyeweza kutembea.

"Mama Herieth, lile daftari lako lina kidole cha dada yangu," akasema. "Usimpe mtu."

Nikamjibu kwamba hakuna atakayelitaka daftari la Mabamba. Nilisema hivyo ili apande gari. Moyoni nilishaanza kuogopa.

Wiki mbili hazijaisha, simu ikaja kutoka Kasulu, kwenye ofisi inayosimamia ruzuku ile. Awamu ya pili imepitishwa, njooni mtie saini, na safari hii mje na mahudhurio halisi. Mwenyekiti wetu, Tunu, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Na Tunu si mtu mbaya. Kwa fedha hiyo tulipanga kujenga banda la kuwapokea wanaovuka, kwa maana tulishawaona wanawake wakilala chini na vichanga, baridi ya usiku ikiwapiga.

Kule Kasulu mimi na Tunu tulipokelewa na bwana Haidari, msimamizi wa ofisi ile, mtu wa Tanga, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka unaona haya kumjibu kwa hiki chetu chenye lafudhi ya Kiha. Alitukaribisha vizuri, akaagiza chai. Kisha akaeleza utaratibu. Orodha yenyewe inabaki ofisini. Nakala moja inakwenda ubalozini. Nakala nyingine inakwenda kwa mamlaka za pande zote mbili za mpaka, maana fedha ni za ujirani mwema na majirani ni wawili.

Nilimwomba arudie hilo la mwisho. Akarudia, kwa upole uleule. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, mapajani pangu, nikalishika kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Nikamwomba apokee idadi, akasema fomu haikubali. Nikamweleza habari za vijana wa vilimani. Alinisikiliza, na naamini ilimgusa, kwa sababu aliinuka akafunga mlango, akanishauri niandike majina mengine tu, nani atajua. Hasira ikanipanda. Kule kila jina lina mwenyewe. Nikitunga Mediatrisi wa kilima kingine, nitakuwa nimemtafutia kifo Mediatrisi nisiyemjua.

Tunu akaniomba tutoke nje tuzungumze. Akanibana ukutani kwa maneno. Wanaolala chini tunawaona kwa macho, akasema, na hao vijana tumesikia tu. Nilimuuliza kitu kimoja.

"Ungekuwa wewe uko kule na mama asiyetembea, ungetaka nini?"

"Ningetaka banda," akasema. "Na ningetaka pia nisiuawe."

Tukarudi ndani. Nikamwomba bwana Haidari karatasi tupu ya mahudhurio na kidau cha wino. Akanipa haraka, nadhani aliona nimekubali. Mstari wa kwanza nikaandika Herieth, Mabamba, nikabonyeza kidole. Mstari wa pili nikaandika Herieth, Mabamba, nikabonyeza tena. Nilipofika wa sita akauliza ninafanya nini.

"Najaza mahudhurio," nikamwambia. "Mikutano yote hiyo mimi nilikuwepo. Wakitaka mtu wa kumuuliza, huyu hapa."

Akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba karatasi ya namna hiyo ikifika juu ruzuku imekufa, na pengine kikundi kisipate tena maisha yake yote. Nikamwambia nimeelewa. Akautazama mkoba wangu, akauliza daftari nitalipeleka wapi. Nikamjibu kwamba nina watoto saba wa Kirundi waliovuka juzi, wanalala uani kwangu, na kesho asubuhi litaivisha uji wao.

Niliendelea kuandika. Kidole kilishakuwa cheusi mpaka kwenye kifundo, na kusema kweli nilikuwa nalia, kwa ajili ya lile banda. Nilikuwa mstari wa kumi na tisa Tunu alipokivuta kidau cha wino upande wake. Akanipokonya kalamu. Akaandika Tunu, Mabamba, akabonyeza kidole gumba kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

"Mwenyekiti," bwana Haidari akasema, "na banda mtajenga kwa kitu gani?"

Tunu hakuinua kichwa.

"Kwa nyasi," akasema, akashukia mstari unaofuata.