Msumari wa Kanekichi

Siku aliyofariki Kanekichi, hospitali ilipiga simu asubuhi, theluji ikianguka. Mkewe, Itsue, alikimbilia mlangoni akiwa na soksi tu, akasahau kwamba sakafu ya nyumba iko juu na pa kuvulia viatu pako chini. Miaka hamsini na mitatu alikuwa akishuka pale bila kutazama. Jirani alimkuta amelala katikati ya viatu, mguu wa kulia umegeukia nje. Akapelekwa hospitali ileile. Mumewe alikuwa akitolewa kwa mlango wa nyuma wakati yeye anapandishwa ghorofa ya tatu.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika juu, karibu na nyonga. Kesho yake daktari alipitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya mfupa, akaukaza kwa skrubu. Siku ya tatu mwili wa Kanekichi ukachomwa, na Itsue hakuwepo kushika vijiti ambavyo jamaa huokotea mifupa majivuni na kuitia mtungini. Kilichobaki kilikuwa siku ya arobaini na tisa, siku ya kuutia mtungi wa mifupa kaburini, juu ya kilima nyuma ya hekalu, ngazi thelathini na nane. Alitaka kumpandisha yeye mwenyewe.

Lakini hakukubali kuuegemea mguu ule.

"Bibi Itsue, daktari ameshakuruhusu," alisema Doi, kijana mnene wa mazoezi ya viungo. "Weka uzito wako wote."

"Weka wako wewe, unao wa kugawa."

"Nikiweka wangu sakafu itatoboka, tukutane ghorofa ya pili."

Itsue alicheka, huku mguu umening'inia vilevile. Kila alipojaribu, aliuona akilini ule msumari ukijikunja ndani ya paja.

Wiki ya tatu binti yake, Sonoko, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mama, tuahirishe maziko mpaka Agosti, sikukuu ya wafu. Baba hana haraka."

"Baba yako hakuwa na haraka hata alipokuwa hai. Mwenye haraka ni mimi."

"Utapandaje, na kusimama hutaki?"

Sonoko alivutavuta shuka, kisha akasema, "Kuna jambo sikukuambia, nilidhani litakuumiza. Baba alipotolewa tanurini, katikati ya mifupa kulikuwa na kile chuma chake cha paja."

Itsue alikuwa amekisahau. Miaka tisa nyuma Kanekichi alianguka kutoka paani akiondoa theluji, akatiwa msumari, na baada ya miezi michache hakuna aliyeuzungumzia tena.

"Ulikuwaje?"

"Ulikuwaje vipi?"

"Ulikuwa umepinda?"

"Haukupinda, mama. Umeingia weusi tu. Mifupa yote imevunjikavunjika, wenyewe umelala umenyooka."

Itsue alipapasa paja lake. Miaka tisa ya magunia ya mpunga, miaka tisa ya kurudi paani akikatazwa, halafu moto.

"Niitie Doi."

"Yuko anakula."

"Amekula vya kutosha huyo. Mwite."

Doi alikuja akifuta mdomo. Itsue alishika fremu ya kutembelea, akauteremsha mguu, akauegemea. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Msumari haukwenda popote.

"Haya," alisema Doi polepole. "Na mguu mwingine."

Siku ya arobaini na tisa alifungiwa mtungi kifuani kwa kitambaa cheupe, mkongojo mkono mmoja, Sonoko nyuma yake. Mguu mzima ulitangulia, mbovu ukafuata. Ngazi ya ishirini aliketi, jasho likimtoka kwenye baridi.

"Nipe nikusaidie, mama."

"Niache. Yeye alinibebea mizigo mingi."

Akainuka. Kasisi alikuwa ameshawasha ubani Itsue alipofika juu. Sonoko akapiga magoti kaburini badala ya mama yake, kwa kuwa yeye hakuweza. Lakini mtungi aliupokea kutoka mikononi mwa Itsue.

Sasa Itsue anaishi peke yake. Kila asubuhi anapika wali wa mtu mmoja, anamwekea Kanekichi kijiko cha kwanza kwenye madhabahu ya nyumbani, kisha anakula.